Treni ya Mikoroshoni na Hesabu ya Shemeji

Mume wangu alifariki Jumatatu, tarehe 8 Julai 2024, saa nne na robo asubuhi, siku ya kwanza ya mfungo nne. Naandika tarehe zote mbili, ya kalenda ya ukutani na ya mwezi mwandamo, kwa sababu katikati ya hizo mbili ndipo alipoangukia shemeji yangu, na mimi ndiye niliyemwona akielekea shimoni nikanyamaza. Wapo watu hapa Kibiti wanaosimulia kwamba lililompata lilikuwa bahati mbaya. Haikuwa bahati.

Kiwanja chetu cha mabembea kimo ndani ya shamba la mikorosho nililorithi kwa baba yangu, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka barabara kuu. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Mwaka 2006 alikwenda Dar es Salaam kutafuta vipuri, akarudi na lori lenye farasi kumi na wawili wa mbao, mashua mbili za bembea na gurudumu la viti vinane, vyote vya mzee mmoja aliyekuwa anafunga kiwanja chake cha watoto. Farasi walikuwa wakongwe kuliko mimi. Rangi ilikuwa imewatoka mashavuni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mkia. Mume wangu aliwasukia mikia ya katani, mmoja mmoja, jioni kumi na mbili mfululizo, na mimi nilimshikia taa ya kandili.

Treni ilikuja baadaye. Reli zake ni zile nyembamba zilizokuwa zikibebea majani katika shamba la mkonge lililokwisha kufa. Mataruma yanayozibeba ni boriti za mikoko alizozichagua mwenyewe bandarini Nyamisati, akizigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Injini aliitoa katika mashine ya kukoboa, akaivika bati la kijani na bomba la moshi lisilo na kazi yoyote, kwani watoto hawakubali treni isiyo na bomba. Mabehewa ni manne. Behewa la mwisho ni dogo kuliko yote, na alikataza mtu mzima asilipande, maana pale reli inapokata kona kwenye mkorosho mkubwa uzito wa nyuma huvunja mataruma.

Dereva wa treni hiyo ni mimi. Nilianza kuiendesha siku ya Idd Mosi ya mwaka 2009, pale mgongo wa mume wangu ulipokataa kuinamia injini. Watoto wa Mbuchi, waliovuka kwa boti mpaka Nyamisati na kupanda gari kuja kwetu kila Idd, waliniita Bibi Treni wakati bado sina mjukuu. Nilijua kuiwasha, kuisikiliza na kuisimamisha mbele ya mbuzi. Nisichojua kilikuwa kusoma maneno aliyoyapaka mume wangu ubavuni mwake.

Nilianza kusoma Jumatatu, tarehe 4 Machi 2013, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, katika darasa la watu wazima lililokutana nyuma ya ofisi ya kijiji. Wiki ile ile shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja kutoka Dar es Salaam kututembelea. Yeye alikuwa amestaafu ukarani, na katika ukoo wa mume wangu hakuna aliyesoma kumpita. Alinikuta barazani nikiandika irabu.

"Shemeji," alisema, "ukihitimu tukuombee ukuu wa wilaya?"

"Niombee macho tu, shemeji. Mengine nitayatafuta."

"Haya. Lakini usije ukamaliza wino wa nchi kwa herufi moja."

Wote waliokuwa barazani walicheka, na mume wangu alicheka kidogo, halafu akaacha aliponitazama. Mtu akiambiwa kwamba maneno hayo ni mzaha wa shemeji kwa shemeji, ataamini. Mimi niliyaweka. Miaka minane baadaye nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu, na sikumpigia simu kumwambia. Nilijua siku yake ipo.

Ijumaa, tarehe 21 Juni 2019, baada ya sala ya adhuhuri, mume wangu aliwaita imamu wa msikiti wetu na jirani yetu fundi cherehani. Mbele yao alinipa treni, farasi, mashua na gurudumu kuwa hiba yangu, mali niliyopewa naye akiwa hai na mwenye akili timamu, isiyoingia katika mirathi. Alisema na mimi niliandika. Kisha alitia sahihi, nao mashahidi wakatia zao. Jioni alimpigia simu mdogo wake kumjulisha, ili asije akasema hakuambiwa. Nilimsikia shemeji akijibu katika simu, kwa sauti ya kucheka: "Kaka, karatasi ya mwanafunzi wa kisomo nayo ni karatasi?"

Kwa hiyo alijua. Anayesoma habari hii asije akamwonea huruma kwa kudhani hakujua.

Mume wangu alipozikwa, niliingia edani, miezi minne na siku kumi kama ilivyo sharti kwa mjane. Nilikaa nyumbani kwangu, nimevaa nguo isiyo na pambo, sitoki, sikai na wanaume wasio maharimu zangu. Aliyekaa nami ni binti yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Si binti wa marehemu. Nilikuja naye katika ndoa ile, na mume wangu alimlea kama wake. Shemeji alibaki Kibiti baada ya arobaini, akisema anasimamia mali ya kaka yake mpaka nitoke. Siku ya kwanza aliichukua simu yangu.

"Upumzike, shemeji. Watu watakusumbua kwa rambirambi."

Siku ya pili alibadilisha kufuli la kibanda cha treni. Nilimwacha. Nilikuwa na mume wa kumlilia, na kwa wiki nyingi nililia kweli, na kiwanja kilikuwa kimya hata nikasikia korosho zikidondoka kwenye bati.

Mwanzoni mwa Oktoba binti yangu alirudi kutoka sokoni akiwa amekunja uso.

"Mama, baba mdogo anauza treni."

"Nani kasema?"

"Mnunuzi mwenyewe. Ana nyumba ya wageni ufukweni huko juu, karibu na Dar es Salaam. Anataka iwazungushe watoto wa wageni wake. Aliniuliza kama unaendelea vizuri, na kama kweli umeridhia, maana angependa kukusikia mwenyewe."

"Ukamjibu nini?"

"Sikuwahi. Baba mdogo alisimama pale pale akamwambia, 'Mjane yumo edani, haruhusiwi kusema na mwanamume wa kando. Amenituma mimi.' Yule bwana akaomba radhi kwa kuuliza."

Nilimwomba arudie maneno hayo. Akayarudia. Nimeibiwa mara mbili tatu katika maisha yangu, kuku, baiskeli, na mara moja ndoo ya samaki. Wezi hao hawakutumia msiba wangu kuwa kufuli. Huyu aliichukua ibada niliyokuwa nikimfanyia kaka yake, akaigeuza mlango wa kunifungia ndani mpaka mali iondoke.

"Makabidhiano ni lini?" niliuliza.

"Jumamosi, tarehe 16 Novemba. Anasema wewe unatoka Jumatatu tarehe 18. Anataka ukitoka ukute pameshafagiliwa. Ataalika watu, atachinja mbuzi."

Nilihesabu kichwani. Kisha nilimwambia alete daftari langu, nikahesabu tena kwa kalamu, kwa sababu sikutaka furaha inidanganye. Shemeji alikuwa amechukua kalenda ya ukutani: kutoka tarehe 8 Julai miezi minne ni tarehe 8 Novemba, ongeza siku kumi, tarehe 18. Hesabu safi ya karani. Lakini eda haihesabiwi kwa kalenda ya karani. Inahesabiwa kwa mwezi unaoandama, na miezi inayoandama ni mifupi. Mfungo nne, tano, sita na saba ingekwisha mapema Novemba, na siku ya kumi ya mfungo nane, kama mwezi ungeonekana kama ulivyotarajiwa, ingekuwa Jumatano tarehe 13. Mtu aliyesoma kuliko wote katika ukoo alinipa siku tano bila kujua.

"Niende kwa imamu sasa hivi," binti yangu alisema. "Yeye ni shahidi. Atamzuia leo leo."

"Usiende."

"Mama!"

"Mwache aalike."

Alinitazama kama anayeona mtu asiyemfahamu. Alisema shemeji anaweza kubadilisha siku, lori likaja wiki moja mbele, treni ikaenda, na karatasi yangu ikabaki ya kufungia vitumbua. Alikuwa na haki. Bila treni, kiwanja kile kingebaki farasi wazee na gurudumu linalolia, na hicho ndicho chakula changu na jina langu. Ningeweza kuyaokoa yote siku ile kwa kumtuma mtoto hatua mia tatu. Lakini shemeji angeitwa pembeni, angesema amekosea kuelewa, wazee wangesema yaishe, na angerudi Dar es Salaam na heshima yake mfukoni. Niliamua kuiweka treni rehani ili niipate heshima hiyo. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na kwa kuwa ningefanya tena.

Wiki sita zilizofuata nililala vibaya. Kila muungurumo wa lori barabarani niliuhesabu kuwa wa lori la mnunuzi. Shemeji alikuja kila Ijumaa kunijulia hali kupitia mlangoni, sauti yake tamu.

"Unavumilia, shemeji?"

"Navumilia."

"Bado kidogo tu."

"Kidogo tu," nilimjibu, na hilo lilikuwa kweli kabisa.

Jumatano, tarehe 13 Novemba, jua lilipozama, mke wa imamu alikuja na maji yenye asumini. Binti yangu alikuwa amemwuliza imamu habari ya eda tu, bila kutaja treni, naye alikuwa amethibitisha hesabu, na alikuwa amemwambia mkewe afanye jambo hilo kimya kama nilivyoomba. Kwa desturi, ndugu wa mume ndio wanaomtoa mjane edani, kwa chakula na dua. Niliwanyima. Nilioga, nikavaa gauni la zambarau, nikakaa ndani siku mbili zaidi kwa hiari yangu. Hizo ndizo siku ngumu kuliko zote mia moja na kitu nilizokaa, kwa sababu Alhamisi adhuhuri lori lilifika kweli. Liliegeshwa kando ya kibanda. Binti yangu alisimama dirishani akiuma kucha.

"Wakianza kupakia leo?"

"Hawataanza. Mbuzi bado yu hai."

Jumamosi asubuhi nilivaa baibui langu jipya, viatu vya ngozi na miwani. Karatasi niliitia kwenye bahasha. Tulipotokea kwenye mikorosho, tuliwakuta watu kama hamsini, wanaume chini ya turubai na wanawake kwenye masufuria ya pilau. Treni ilikuwa imetolewa nje, imepakwa mafuta mpaka inang'aa. Mnunuzi, mtu mnene mpole, alikuwa ameomba aione ikitembea kabla ya kuipakia. Shemeji alikuwa amevua koti na ameshika hendeli ya injini kwa mikono miwili.

Injini ile ina kijiti cha chuma kichwani. Sharti ukiinue kwanza ili injini ipumue, uzungushe hendeli mpaka gurudumu zito lishike kasi, ndipo ukiachie. Asiyejua hilo hushindana na injini nzima kwa nguvu za mabega. Shemeji hakujua. Alizungusha nusu duara, hendeli ikamrudia, akaruka nyuma.

Palikuwa na mama mmoja mtu mzima, mtani wa ukoo wa mume wangu, ambaye kwa haki ya utani husema apendalo hata msibani. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Mwiteni daktari," alisema kwa sauti. "Karani kapigwa na mashine ya mpunga!"

"Nyamaza wewe mtani, hii ina siri yake."

"Siri yake inakuja ile pale, imevaa miwani."

Shemeji aligeuka. Nitakumbuka uso ule maadamu nina kumbukumbu.

"Shemeji! Umefanya nini? Umevunja eda!"

"Eda imekwisha."

"Imekwisha wapi? Leo tarehe 16! Ni mpaka tarehe 18. Nimehesabu mimi mwenyewe, kwenye kalenda!"

"Kalenda ipi?"

"Hii ya... iliyopo ukutani."

Imamu alikuwa mkekani. Hakuinuka. "Bwana," alisema, "eda ni kwa mwandamo. Imekwisha tangu Jumatano magharibi. Mke wangu ndiye aliyemtoa."

"Kwani na Ramadhani unafunga kwa kalenda ya ukutani?" mtani aliuliza. "Ndiyo maana huwa unafuturu peke yako!"

Wanawake waliangua kicheko, na nyuma ya kicheko hicho nilisikia wanaume nao. Sikucheka. Nilimsalimu mnunuzi, nikamwambia kwamba mimi ndiye mjane, kwamba sijamtuma mtu, na kwamba kama atavumilia kidogo nitamsomea jambo.

"Kusoma kwenyewe kajifunza juzi," shemeji alimwambia mnunuzi, akijaribu kutabasamu.

"Juzi ya tarehe 4 Machi 2013," nilisema, nikafungua bahasha.

Niliisoma hiba yote, tangu Bismillahi mpaka sahihi ya mwisho, polepole, kila nukta nikiipa haki yake. Nilipofika kwenye majina ya mashahidi, imamu alisema, "Ni mimi," na fundi cherehani alisema, "Na mimi." Nilipomaliza, nilimwuliza shemeji mbele yao kama kaka yake hakumpigia simu jioni ya siku ile. Alitazama viatu vyake. Nilimwuliza mara ya pili.

"Alipiga," alisema.

Mnunuzi alimgeukia. "Na uliniambia mama hawezi kusema nami."

Hapo ningeweza kuacha. Binti yangu alinigusa kiwiko akinitaka niache. Badala yake nilimwambia mnunuzi kwamba amesafiri mbali kuiona treni ikitembea, na si adabu mgeni aondoke bila kuiona. Nikamkaribisha behewa la kwanza. Nikamwambia shemeji apande naye, maana yeye ndiye mwenyeji aliyemwalika. Akasema atasimama. Mtani akasema, "Panda, bwana, au unaogopa kalenda yake?" Watu wakapiga makofi. Akataka kupanda mbele. Nikamwonyesha behewa la mwisho.

Aliingia. Magoti yalimfika masikioni. Niliinua kijiti, nikazungusha, nikakiachia, na injini ikaitika kwa mara ya kwanza tangu Julai. Mzunguko wetu ni mmoja, unapita mbele ya turubai. Mara ya kwanza tulipopita, wanawake walipiga vigelegele. Mara ya pili alikuwa akipiga kelele, "Simamisha, shemeji, simamisha!" naye mtani akamjibu, "Tarehe 18!" na umati wote ukaidaka: "Tarehe 18! Tarehe 18!" Nikampeleka mara ya tatu. Kwenye kona ya mkorosho mkubwa nilisikia taruma likipasuka, kisha la pili, na nilijua ni kwa sababu ya yule niliyempandisha nyuma. Mume wangu alikuwa amekataza jambo hilo kwa maneno mepesi kabisa, na mimi nilikuwa nimelifanya kwa makusudi, juu ya boriti alizozigonga kwa kidole chake. Nikapunguza mwendo. Sikusimama mpaka nilipofika tena mbele ya watu.

Shemeji alishuka kwa kusaidiwa. Hakula pilau yake mwenyewe. Lori liliondoka tupu, na mnunuzi aliniachia pole yake na heshima, akala vizuri. Mataruma matatu yalikuwa yamevunjika. Nilikwenda Nyamisati mwenyewe kuchagua mengine, nikayagonga na kuyasikiliza, na sikusikia chochote. Nililazimika kumwuliza mwenye boriti. Hilo ndilo pekee linaloniuma katika habari yote hii.

Watu wameniambia nisamehe. Sikatai kusamehe. Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, Ramadhani ikiwa inanukia, shemeji alinipigia simu, kama watu wote wanavyopigiana wakati huo.

"Shemeji, mwezi umekaribia. Kama nilikukosea, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."

"Kosa lipi, shemeji?"

"Yote tu."

"Taja moja."

Nilisikia redio nyumbani kwake.

"Moja tu," nilisema. "La kujua. Ukilitaja, yote nimekusamehe, Mungu ni shahidi."

"Wewe mwanamke una moyo mgumu," alisema, na simu ikakatika.

Idd Pili, Jumanne tarehe 1 Aprili, gari lake lilisimama nje ya uzio wetu. Wajukuu zake watatu waliingia wakikimbia, yeye akabaki ndani ya gari, madirisha yamefunguliwa, jua likimchoma. Watoto hawana kosa. Niliwapandisha farasi, mashua, na treni mara nne. Kisha nilichukua kiti chenye mikono cha barazani na sahani ya pilau yenye nyama nzuri, nikatoka navyo mwenyewe. Mgeni hanyimwi chakula kwangu. Kiti nilikiweka chini ya kivuli, nikakigeuza kielekee reli, mahali ambapo treni ikipita hawezi kuikosa.

Alishuka, akakaa. Alipokea sahani kwa mikono miwili.

"Ahsante, shemeji."

"Moja tu, shemeji," nilisema.

Alitazama reli, akatazama sahani, akaanza kula. Nilingoja mpaka tonge la tatu. Halafu nilirudi kwenye injini, kwa sababu mabehewa yote manne yalikuwa yamejaa na watoto walikuwa wakiniita.